Nilimshona Kipungu Ndani ya Vazi Lake

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mwenye ufunguo, nikakaa juu ya jiwe nje ya karakana nikiwa nimevaa viatu vya kuazima. Nilikuwa nimeshuka Dodoma kutoka Kibakwe wiki hiyo hiyo. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, kimenyooka mno, na wenzangu walikicheka mwaka mzima. Karakana ile ilikuwa ya umma, ikishona sare za wanafunzi, za walinzi, za wauguzi na za matarishi wa maofisini. Mkuu wa Chumba cha Kukatia, mama mfupi aliyening'iniza mkasi shingoni kwa utepe, hakuniuliza hata jina. Alinipa kipande cha kaki na chaki, akaniambia nichore suruali ya mtoto wa darasa la tatu.

Nikachora. Aliitazama kidogo tu.

"Na mtoto akirefuka?"

"Atashonewa nyingine, mama."

"Na nani? Baba yake ana ng'ombe watatu na mvua haijanyesha." Akachukua chaki, akausogeza mstari wangu nje kwa upana wa vidole viwili. "Hii ni akiba. Inakaa ndani ya mshono, haionekani na mtu. Mtoto akinenepa unafumua, unashona upya. Hapa haitoki nguo bila akiba."

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa bandi. Ninyi mnaoshona kwa mashine za umeme mnaiona kama kazi ya vikongwe, basi niieleze. Bandi ni mishono mirefu ya mkono inayoshikilia vipande viwili kwa muda, kabla ya kupitisha cherehani. Unafunga fundo mwanzoni tu, mwisho unauacha huru. Ukilivuta lile fundo, uzi wote unateleza na kutoka kwa mkupuo mmoja, na nguo inafunguka bila hata alama. Mkuu wa Chumba alikuwa akipita nyuma yetu na kuvuta mafundo. Uzi ukigoma kutoka, tulirudia kazi mpaka adhuhuri.

Nilikaa chumba cha kukatia miaka mitatu, nikahamishiwa mstari wa kola chini ya Msimamizi wa Zamu, mzee aliyeweza kusinzia wima na bado akajua nani ameruka tundu. Kutoka hapo nilipelekwa tawi la Kongwa, vyerehani sita katika jengo lililoachwa na wakoloni wa mradi wa karanga, kushonea shule za wilaya. Niliipenda Kongwa. Upepo ulikuwa unaingiza vumbi kwenye mafuta ya cherehani kila siku, lakini nilikuwa nikikutana na suruali zangu barabarani zimevaliwa, na niliweza kukwambia kila mtoto amefumuliwa akiba mara ngapi.

Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa. Marobota ya mitumba yakashushwa mpaka minadani, na shati zuri la mtumba likawa rahisi kuliko kitambaa chetu hata kabla hakijakatwa. Siku moja Meneja alituita sote uani. Alikuwa mtu wa haki, nasema ukweli. "Ndugu zangu," alisema, "hatukushona vibaya. Naomba mjue hivyo." Wiki iliyofuata milango ilifungwa. Mimi nilipewa cherehani changu cha miguu kama sehemu ya mafao, nikakipakia kwenye mkokoteni, nikapanga baraza mtaa wa Kikuyu. Niliapa mtumba hautaingia nyumbani kwangu, na kwa miaka miwili nilitimiza.

Wakati ule vijana wote wa Dodoma, na watu wazima waliojidai hawasomi, walikuwa wakisubiri jarida moja la katuni lililotoka kila mwisho wa mwezi. Ndani yake alikuwamo shujaa aitwaye Kipungu. Mchana alikuwa tarishi wa ofisi ya maji, mtu wa kubeba mafaili na kutumwa chai. Wezi wakiiba pampu za visima vijijini, alijifungia stoo na kutoka akiwa nusu mtu nusu ndege, kifua kipana, mbawa mabegani, kinyago chenye mdomo wa ndege usoni. Wajumbe, makarani, wanafunzi, wachuuzi, wote walimjua. Mimi mwenyewe nilikuwa nalifunika jarida kwa kitambaa cha mteja.

Siku moja wakaja barazani watu wawili. Wa kwanza alikuwa mpiga picha za video za harusi ambaye sasa alijiita Mwongozaji. Wa pili, kijana mpole mwenye wino kwenye kucha, ndiye aliyekuwa Mchoraji wa Kipungu. Walikuwa wanataka kuigeuza katuni ile iwe filamu, na walitaka vazi.

"Liwe kama ngozi," alisema Mwongozaji. "Lisiwe na mkunjo."

Nikaweka jarida mapajani. Nililitazama kwa jicho la kazi kwa mara ya kwanza, na nikaona shida. "Baba, huyu mtu vazi lake halina kifungo, halina zipu, halina hata mshono. Anaingiaje?"

Mchoraji alikuna kichwa. "Kusema kweli, mama, sijawahi kufikiria."

"Na rangi gani?"

"Nyeusi. Maana wino tunaopewa ni mweusi tu."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyopewa. Katuni ni karatasi, na karatasi haikai chini, haitoi jasho, wala haiendi haja. Mchoraji akitaka shujaa wake apige teke, anachora teke. Fundi lazima aulize goti litapita wapi. Tena nilimwambia kwamba kipungu ninayemjua mimi, yule tai anayeyumba juu ya milima ya Kibakwe, karibu hana mkia, na uso wake na miguu ni vyekundu. Yeye alikuwa amemchorea mkia mrefu wa jogoo. Hakukasirika. Alitoa penseli akaufuta hapo hapo barazani, na toleo lililofuata Kipungu alitoka bila mkia. Nilijisikia mtu mkubwa sana mwezi ule.

Vazi la kwanza nililishona kwa tetroni nyeusi, kitambaa cha sare, maana ndicho nilichokijua. Aliyechaguliwa kuwa Kipungu alikuwa Fanueli, karani wa masjala, mrefu, mwembamba, mpole mpaka unamhurumia. Alivaa, akatoka uani, akajaribu kuchuchumaa. Goti likagoma. Mwongozaji alimzunguka mara mbili.

"Mama, huyu si Kipungu. Huyu ni mlinzi wa benki."

Niliumia, lakini alikuwa sahihi. Kesho yake nilifunga khanga mpaka kwenye nyusi nisitambulike, nikaenda kuinama kwenye rundo la mitumba. Nikiwa pale nililaani na kuchambua kwa wakati mmoja. Mwisho kabisa, chini ya makoti yasiyonunuliwa na mtu, nikakuta nguo za kuogelea na suruali za kubana za wacheza ngoma wa Ulaya. Nilivuta moja, ikarefuka, nikaiachia, ikarudi. Mikono yangu ilifurahi kabla mimi mwenyewe sijakubali. Nilinunua zote nyeusi na mbili nyekundu.

Kitambaa cha kuvutika kina adabu yake. Ukikishona mshono ulionyooka, uzi unakatika mtu anapokunja kiwiko. Kinataka zigizaga, mshono wa kwenda kushoto na kulia, ili uzi nao uwe na pa kurefukia. Mbawa nilizikata vipande viwili, zikaanzia begani na kuishia kwenye kifundo cha mkono, akinyoosha mikono zinafunguka. Kifua kilitengenezwa kwa sponji ya godoro. Nilichonga misuli kwa kisu cha mkate, nikaibandika kwenye fulana ya ndani, na Fanueli wa masjala akapata kifua cha mtu anayekula ng'ombe mzima. Kinyago nilikiunga na kola, ili shingo isionekane. Na kila mshono, hata ule wa pembeni ya sponji, niliuachia akiba ya vidole viwili. Mwongozaji aliuliza ya nini, shujaa hanenepi. Nikaendelea kushona.

Ikabaki shida ya mlango. Zipu ilituna mgongoni kama jongoo, na kamera iliiona. Tukaamua Fanueli aingie vazi likiwa wazi mgongoni, kisha nimshone humo humo, kila asubuhi, kutoka kisogoni mpaka kiunoni. Nilimshona kwa bandi. Nilianzia juu, fundo likabaki kisogoni chini ya kinyago, mahali mkono wake unapofika, nikateremka mpaka kiunoni. Akichoka, akizidiwa na joto, analivuta fundo, mgongo wote unafunguka na kinyago kinalegea.

Kwa majuma mengi hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yetu. Yeye anasimama kanipa mgongo, ananihadithia mafaili yaliyopotea masjala na wakubwa wanaoyatafuta mafaili waliyoyakalia wenyewe. Nikimaliza, anapeleka mkono nyuma.

"Fundo lipo, mama?"

"Lipo, baba."

Ndipo anatoka. Hakuwahi kutoka bila kuuliza. Sikuwa na mtoto wa kiume, na sioni aibu kusema nilianza kuzisubiri asubuhi zile.

Siku ya bwawa ndiyo hasa iliyonifanya niandike haya. Tulikuwa Kongwa, kwenye bwawa dogo la kunyweshea ng'ombe. Kipungu alitakiwa kumwokoa ndama aliyekwama majini. Mwenye ndama, mzee mfugaji wa pale, alikuwa amekaa ukingoni na fimbo yake, akitushangaa kwa heshima. Wakati najiandaa kushona, Mwongozaji alinijia.

"Mama, leo anageuza mgongo kwa kamera. Juzi akiinama mishono ilikuwa inaachia, ngozi inaonekana. Leo shona kweli."

"Majini, baba? Akitaka kutoka?"

"Ni dakika mbili. Mimi ndiye Mwongozaji, mama."

Mimi nilikuwa nimelelewa karakanani. Mkubwa akisema, unashona. Nikamshona Fanueli kutoka kiunoni kwenda juu, kwa mshono wa kurudi nyuma, ule ambao kila tundu linashikwa mara mbili, uzi umekazwa, mwisho umefungwa na kukatwa. Nilikuwa najua ninachofanya. Sindano ilipofika kisogoni nilijua zaidi.

Akapeleka mkono nyuma. "Fundo lipo, mama?"

"Leo ni dakika mbili tu," nikamwambia.

Aliushusha mkono, akasema, "Haya," akaenda. Lile "haya" ninalo mpaka leo.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Sponji ilimfanya aelee, akafika kwa ndama, mbawa zimetandazwa juu ya maji, na hata mimi nilisahau na kufurahi. Ndama hakusubiri kuokolewa. Alipoona kitu cheusi chenye mdomo mwekundu kinamjia, alipata nguvu za ajabu, akaogelea mwenyewe mpaka kwa mama yake. Watu wakacheka. Fanueli naye akageuka kurudi, na hapo sponji ilikuwa imeshakunywa. Kwenye maji mapana hakuihisi. Alipofika kwenye tope na kusimama, kifua chote kile kilikuwa kimejaa maji, kikamvuta mbele akaanguka kifudifudi. Akainuka kwa magoti. Akaanguka tena.

"Safi sana," alisema Mwongozaji, jicho kwenye kamera. "Endelea hivyo hivyo."

Kinyago kilikuwa kimelowa, na kitambaa kile kikilowa kinanata puani na mdomoni. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, kwa sababu mimi niliona mikono yake. Mikono yote miwili ilikwenda kisogoni. Vidole vilikuwa vinatafuta, vinapapasa pale pale, kushoto na kulia, vinatafuta kitu ambacho kila siku nilikiacha pale na siku ile sikukiacha.

Niliingia majini na viatu vyangu. Mzee mfugaji alikuwa mbele yangu, sijui alifikaje, akamkamata Fanueli kwapani na kumgeuza. Mkasi ulikuwa shingoni mwangu kwa utepe, tabia niliyoirithi kwa Mkuu wa Chumba, nikauingiza kwenye kola na kukata. Sikufuata mshono. Nilikata kinyago, nikakata mgongo mpaka kiunoni, nikisikia kitambaa na sponji vinapasuka. Akavuta pumzi kwa sauti nisiyotaka kuisikia tena. Kisha akatapika maji ya bwawa mapajani pangu, na mimi nikalia mbele ya watu wote.

Mwongozaji alikuja mbio, rangi imemtoka. "Nilidhani anaigiza," alisema, akarudia mara tatu. Sikumlaumu, na nilimwambia hivyo baadaye alipokuja kuniomba radhi. Yeye hakujua. Mimi nilijua, nikashona.

Mzee mfugaji ndiye aliyetupoza. Alimfunika Fanueli shuka lake, akaniuliza taratibu, "Huyu ndiye aliyekuja kumwokoa ndama wangu?" Fanueli akacheka kwanza, akikohoa, ndipo sote tukacheka.

Nilidhani hatavaa tena, na nilidhani na mimi nimeachana na filamu. Siku ya nne alikuja barazani akiwa na vazi ndani ya gunia, limekauka na tope lake.

"Shikamoo, mama. Linashoneka?"

"Marahaba. Unalitaka la nini?"

"Picha haijaisha. Na Kipungu akiishia pale, watu watasema alishindwa na ndama."

Nililigeuza ndani nje. Mkasi wangu ulikuwa umepita vibaya, mahali pengine mbali na mshono kwa kidole kizima. Lakini kulikuwa na akiba, vidole viwili kila upande, pamoja vidole vinne. Nilipunguza kingo zilizochanika, nikavuta akiba kutoka ndani, na mgongo ukakutana tena. Kinyago nilikitenganisha na kola, nikakifunga kwa lastiki. Sponji niliitoboa matundu ya kutolea maji na kuipunguza nusu, hivyo Kipungu alimaliza filamu akiwa amekonda kidogo. Hakuna mtazamaji aliyeniuliza. Mwongozaji alipotaka tena mshono wa kukaza, nilimwambia atafute fundi mwingine. Alinitazama, akasema, "Bandi, mama. Bandi inatosha."

Filamu ilioneshwa ukumbini na watu walijaa mpaka madirishani. Mwishoni jina langu lilipita kwenye kioo, kwamba mavazi ni ya Mama Nyemo, na binti yangu alinifinya mkono ukauma. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku yoyote ya kazi. Lakini ile sehemu ya bwawa sikuiona. Nilitoka nje nikasimama na wauza karanga mpaka niliposikia vicheko vya ndama vimekwisha na picha imehamia kwingine.

Baada ya hapo nilishona mavazi ya filamu mbili nyingine za katuni ile, kisha Mchoraji akapata kazi ya matangazo, jarida likafa, na Mwongozaji akarudi kwenye harusi. Nikafundisha wasichana kushona kwenye darasa la parokia. Kila msichana nilikuwa namtengenezea bandi ya mgongoni, namwambia afumbe macho, alitafute fundo kwa mkono mmoja. Asipolipata, nilimwambia mshonaji ndiye aliyekosea. Walinicheka. Macho yalipoanza kunisaliti nikafunga baraza, na cherehani sasa kimewekewa maua juu.

Kuna watu huniuliza kama sioni uchungu, kazi ile yote na leo haipo hata kanda moja inayochezeka. Uchungu ninao. Nazikumbuka asubuhi zile, harufu ya mafuta ya cherehani na vumbi la Kongwa, Mchoraji akifuta mkia kwa penseli. Nazikumbuka hata sare, na Meneja wetu pale uani. Ningepewa tena nisingekataa hata siku moja, isipokuwa ile moja, na ile ningeirudia ili niishone vingine.

Juzi juzi aligonga mtu mlangoni. Mzee mnene, upara, kitambi, mfuko wa plastiki mkononi. Aliponiamkia ndipo nikaijua sauti. Fanueli amestaafu masjala. Mjukuu wake amewaambia wenzake shuleni kwamba babu yake alikuwa Kipungu, wamemwita mwongo, na mtoto amelia. Kuna sherehe ya shule.

Akatoa vazi mfukoni. Alikuwa amelitunza na majani ya mwarobaini.

"Mama," alisema, akijishika kitambi kwa haya, "akiba ilibaki?"

Nililigeuza. Mgongoni ilikuwa imekwisha, nilijua. Lakini mbavuni, huku na huku, vidole viwili vilikuwa pale pale nilipoviacha, vyeusi kuliko kitambaa cha nje kwa kutoonja jua. Tulihamisha maua, nikafumua, nikashona, yeye akinitungia uzi kwenye sindano maana mimi tundu silioni tena. Kisha akaingia vazini, akanipa mgongo, nami nikampiga bandi kutoka kisogoni kushuka, polepole, kwa kupapasa.

Nilipomaliza hakuuliza kitu. Mkono wake ulibaki chini. Nikauchukua mimi mwenyewe, nikaupeleka kisogoni, nikaviweka vidole vyake juu ya fundo.

"Vuta," nikamwambia.

"Si umemaliza sasa hivi, mama?"

"Vuta, baba."

Akavuta. Uzi wote ukateleza ukatoka, mgongo wake ukafunguka. Akaukusanya uzi mkononi, akautunga tena kwenye sindano, akanipa, akageuka. Nikaanza kumshona upya.